Ukitoka kwenye kundi la dansi mliloanzisha pamoja, unatoka na nini mkononi?

Nyayo (mleta uzi)

Wadau, habari za saa hizi. Uzi huu ni mrefu, naomba mniwie radhi. Nimeuandika kwa vipande, usiku baada ya usiku, maana kila nikiuanza nafika mahali nashindwa kuendelea.

Nimecheza dansi ya kisasa miaka 14, na 9 kati ya hiyo nilikuwa kwenye kundi lisilo na bosi. Tulikuwa saba. Kila mtu anacheza, kila mtu anatunga, na maamuzi tunayafanya tukiwa tumekaa kwenye sakafu ile ile tunayoitolea jasho. Mwaka jana nilitoka. Hatukugombana. Tulikumbatiana, tukalia kidogo, nikabeba begi langu.

Wiki tatu baadaye nikataka kuomba nafasi ya kutunga kazi mpya kwenye ukumbi fulani. Fomu ikaniuliza: orodhesha kazi ulizotunga. Nilikaa mbele ya swali hilo karibu saa nzima. Miaka tisa, kazi sita, na kwenye kila programu ya onyesho imeandikwa "Utunzi: kundi". Jina langu lipo chini, katikati ya wachezaji, kwa mpangilio wa alfabeti. Na ni mimi mwenyewe niliyependekeza alfabeti. Tuliamini kwamba mwondoko ukishapita kwenye miili saba hauna tena baba wala mama, na hata leo naamini hivyo. Lakini fomu haiulizi unaamini nini.

Hakuna aliyenidhulumu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, sina wa kumlaumu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nilidhani wanazungumzia duka.

Nikaanza kusoma wenzetu waliotangulia walitokaje. Wanaoijua historia ya dansi wanalifahamu kundi la Grand Union la New York, lililodumu kuanzia 1970 hadi 1976. Lilizaliwa ndani ya kazi ya mtunzi wa dansi Yvonne Rainer. Mwanzoni yeye ndiye aliyetunga, wengine wakicheza alichowapa. Kidogo kidogo akawaruhusu walete vyao, wabadilishe, wakatae, hadi ikafika siku hana tena wa kumwongoza. Humo walikuwamo Trisha Brown, Steve Paxton, Barbara Dilley, David Gordon, Douglas Dunn na wengine. Walipanda jukwaani bila chochote kilichopangwa, onyesho likaumbwa mbele ya macho ya watazamaji. Sasa tazameni maisha yao ya kazi. Brown alianzisha kampuni yake mwaka ule ule wa 1970, mguu mmoja humu, mwingine kule. Rainer akaenda kwenye filamu. Paxton mwaka 1972 akaanzisha kontakti improvaizesheni, dansi ile ya kuegemeana na kubebana uzito ambayo leo inachezwa kila bara. Kundi lilipovunjika, kila mmoja alikuwa tayari na shamba lake pembeni. Sisi saba tulilima shamba moja tu, na mimi nimeondoka bila hata mbegu.

Halafu kuna Pilobolus. Lilianza mwaka 1971 kwenye darasa la dansi la chuo cha Dartmouth, Marekani, likiwa na vijana ambao hawakuwa wacheza dansi kabisa. Mwalimu wao, Alison Chase, baadaye aliingia kundini na kutunga nao kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2005 akaondoka baada ya mvutano kuhusu nani anamiliki kazi alizozitunga. Miaka thelathini! Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kompyuta nikaenda kutembea.

Wala msidhani ukiwa na jina kubwa umepona. Martha Graham, mtunzi mashuhuri wa dansi wa Marekani, alifariki mwaka 1991. Mwaka 2002 mahakama ya New York ikaamua kwamba sehemu kubwa ya dansi zilizogombaniwa ni mali ya kituo chenye jina lake, si za mrithi aliyemtaja kwenye wosia, kwa sababu nyingi alizitunga akiwa mwajiriwa wa kituo hicho. Yaani alianzisha nyumba, akajiajiri ndani yake, na nyumba ikamiliki mikono yake.

Swali langu kwenu mlio kwenye makundi au mliowahi kuwamo: mlipatanaje kuhusu jina na umiliki? Na kama hamkupatana, mlitokaje?

Hatua Nane

Nyayo, pole sana, nimekusoma hadi mwisho. Ila niruhusu nipinge. Siku mtakayoanza kuandikiana mikataba nani alileta mkono na nani alileta goti, kundi limekufa siku hiyo. Nipo kwenye kundi mwaka wa sita, na kitu pekee kinachotuweka pamoja ni kwamba hakuna anayehesabu. Mtu akileta wazo zuri, wote tunalirukia bila kuogopa. Ukiweka daftari, watu wataanza kuficha mawazo yao mazuri wayapeleke nyumbani.

Wale watunzi wa dansi wa Judson pale New York hawakuanza na wanasheria. Walipewa ukumbi kanisani, wakafanya onyesho la kwanza Julai 1962, watu wakaingia, na dansi ya dunia nzima ikabadilika. Ni imani tu.

Nyayo

Mkuu Hatua Nane, asante kwa kusoma kwa moyo. Hofu yako naielewa, nimewahi kuisema kwa maneno hayo hayo. Lakini mfano wa Judson unanisaidia mimi kuliko wewe. Wale walitoka kwenye darasa la utunzi la Robert Dunn, wakashirikiana ukumbi, hadhira na vikao vya kuoneshana kazi na kukosoana. Ila karibu kila kazi iliyopanda jukwaani ilikuwa na mtunzi wake, kwa jina. Rainer alikuwa na zake, Paxton zake, Lucinda Childs zake, Deborah Hay zake.

Tangu nianze kuwaza haya naona kuna makundi ya namna mbili, na sisi tunayaita kwa jina moja. Lipo kundi la paa moja na lipo kundi la sahihi moja. La paa moja mnagawana ukumbi, fedha, ofisi, watazamaji na machungu, lakini kila mtu anatia sahihi kazi yake. Tazama kundi la Les Ballets C de la B kule Ghent, Ubelgiji. Alain Platel alilianzisha mwaka 1984, na kwa miaka mingi watunzi kadhaa walitoa kazi zao chini ya jina hilo: Koen Augustijnen, Christine De Smedt, Hans Van den Broeck, Sidi Larbi Cherkaoui. Cherkaoui alipoondoka akaanzisha kampuni yake ya Eastman mwaka 2010, na tayari alikuwa na kazi ambazo dunia inazijua kuwa zake. Gabriela Carrizo na Franck Chartier, waliokuwa wakicheza humo humo, wakaanzisha kampuni ya Peeping Tom mwaka 2000. Nyumba ile imezaa watu, na waliotoka walitoka na majina.

La sahihi moja ndilo letu. Ndiyo aina ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayoacha mtu mikono mitupu.

Hata pale New York ilianza kwa imani, ndiyo, lakini ilikuwa imani yenye majina kwenye karatasi.

Meza ya Nyuma

Mimi si mcheza dansi, ni mratibu. Nimefanya kazi na makundi matatu ya aina hii. Naomba niseme kitu ambacho wasanii hawapendi kukisikia.

Kundi lisilo na bosi lina bosi. Bosi ni yule anayeandika maombi ya ruzuku. Yeye ndiye anayeamua kazi mpya itaelezwaje, itaitwaje kwenye karatasi, itafanyika lini, itakuwa na wachezaji wangapi. Wengine wanakuja kujua kwamba "tunafanya kazi kuhusu maji" kwa sababu fulani aliandika neno maji usiku wa manane, kesho yake ikiwa ndiyo mwisho wa kupokea maombi. Simlaumu. Analala kwa saa nne tu, halipwi kwa saa anazotumia kuandika, na mwisho wa siku anaambiwa anajipa madaraka.

Wafadhili nao wanachangia. Fomu nyingi zinataka jina moja la mkurugenzi wa kisanii, simu moja, sahihi moja. Kundi linamchagua mtu "kwa ajili ya fomu tu". Baada ya miaka mitano, waandaaji wa matamasha wanamwandikia yeye, waandishi wa habari wanamhoji yeye, mialiko ya kufundisha inaenda kwake. Hakuiba. Fomu ilimtengeneza.

Inawezekana kukataa, na wapo waliokataa hadi juu kabisa. (La)Horde ni watu watatu, Marine Brutti, Jonathan Debrouwer na Arthur Harel. Walianza mwaka 2013, na mwaka 2019 wakakabidhiwa uongozi wa kampuni ya dansi ya Ballet national de Marseille nchini Ufaransa wakiwa watatu, kwa jina la kundi lao. Taasisi ya taifa ilikubali wakurugenzi watatu. Kwa hiyo mfadhili akikuambia mfumo wake unakubali jina moja tu, mwulize tena, taratibu.

Mimi siku hizi ninasisitiza jambo moja: kazi ya kuandika maombi ilipwe kama mazoezi, saa kwa saa, na izunguke. Mwaka huu wewe, mwaka ujao yeye, hata kama anaandika vibaya. Atajifunza. Anayejua kuandika maombi ndiye anayeweza kuondoka siku moja na kuishi.

Goti la Kushoto

Nawasalimu wote. Nyayo mdogo wangu, nimekusoma nikiwa nimeweka barafu kwenye goti, ndiyo maana ya jina langu.

Nina miaka 47 na bado nipo kwenye kundi nililoanza nalo nikiwa na 29. Naongezea upande ambao uzi umeusahau kidogo, nao ni mwili. Kabla ya kundi nilicheza kwenye kampuni yenye mtunzi mmoja. Nilipochanika kano ya goti, mkataba wangu uliisha kimya kimya, nafasi yangu ikachukuliwa na msichana mwingine ndani ya siku nne. Simtaji mtu, yamepita.

Kwenye kundi goti hilo hilo lilirudia. Nilikaa miezi saba bila kucheza. Wenzangu hawakunipa pole tu. Walisema kipindi hiki wewe utakaa nje utazame, utuambie tunachofanya. Nikawa jicho. Kazi tuliyoitoa mwaka ule ilitungwa na mtu aliyekuwa ameketi kwenye kiti muda wote, na fungu langu la fedha halikupungua hata kidogo. Nilipopata mtoto ikawa vile vile, mazoezi yakahamishiwa asubuhi kwa mwaka mzima kwa ajili yangu.

Kwa hiyo ukiniuliza nimetoka na nini, nasema sijatoka, kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo mwili wa miaka 47 ungeendelea kuwa na kazi. Mcheza kwao hutunzwa, na mimi kwao ni hapa.

Lakini nakubaliana nawe kuhusu daftari. Kwetu lipo. Liliandikwa mwaka wa pili, baada ya mmoja wetu kuondoka kwa uchungu. Ni kurasa mbili. Ukiumia inakuwaje, ukizaa inakuwaje, ukifa inakuwaje. Ndiyo, tumeandika hata hilo. Merce Cunningham, mtunzi wa dansi wa Marekani, aliandaa mapema: kabla hajafariki mwaka 2009 ulishatangazwa mpango kwamba kampuni itafanya ziara ya mwisho kisha ifungwe, ikafungwa kweli 31 Desemba 2011, na humo kulikuwa na fedha za kuwasaidia wachezaji kuvuka kwenda maisha mengine. Sisi hatuna fedha kama zile. Tuna kurasa mbili. Lakini tulizikaa chini tukaziandika wote.

Hatua Nane

Mama, shikamoo. Umenigusa.

Nakiri kuna kitu nilikificha kwenye mchango wangu wa kwanza. Niliposema hakuna anayehesabu kwenye kundi letu, si kweli. Tunahesabu, ila kimoyomoyo. Mimi najua kabisa ni sehemu zipi zangu. Nikiona sehemu ya katikati ya kazi yetu ya mwisho inasifiwa na watu wanamsifu mwenzangu kwa sababu ndiye anayeicheza, tumbo linakaza. Sijawahi kumwambia mtu.

Nyayo

Shikamoo mama Goti. Nitasoma mchango wako tena na tena.

Hatua Nane, asante kwa ukweli huo. Kuhesabu kimoyomoyo ndiko kunakooza. Sisi tulikuwa hivyo miaka mitatu ya mwisho. Niliona mwenzangu mmoja ameacha kuleta chochote mazoezini, nikadhani amechoka. Kumbe alikuwa anajitunzia solo yake.

Kuna hadithi moja nataka kuiweka hapa kwa sababu inaonesha njia nyingine kabisa. Ile kontakti improvaizesheni ya Paxton ilipoanza kuenea, watu wakawa wanaifundisha hovyo na kulikuwa na hatari ya watu kuumizana. Katikati ya miaka ya 1970 Paxton na wenzake walifikiria kuisajili kisheria, ili asiyeruhusiwa asiifundishe. Wakajadiliana, wakakataa. Badala yake mwaka 1975 wakaanzisha jarida dogo la kuandikiana, na ndilo lililokua likawa Contact Quarterly. Yaani badala ya kufuli waliweka barua. Dansi ikabaki ya wote, na bado kila mtu anajua ilianzia kwa nani, kwa sababu iliandikwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuandika nani alianzisha na kumiliki ni mambo mawili tofauti. Naweza kuandika kwamba mfuatano huu ulianza kwangu, kisha nikauacha uwe wa saba. Sisi tuliogopa la pili, tukaacha hata la kwanza.

Vidole Kumi

Samahani wakubwa, naingia kama mtoto kwenye kikao cha wazee. Nina miaka 23, nimemaliza masomo mwaka huu. Watu watano niliosoma nao wananiita tuanzishe kundi. Wakati huo huo nimepata nafasi ya mkataba wa mwaka mmoja kwenye kampuni yenye mtunzi mmoja. Baada ya kusoma uzi huu sijui nifanye nini. Naombeni ushauri.

Meza ya Nyuma

Mdogo wangu, kwanza chunguza sheria za nchi utakayofanyia kazi. Nchini Ufaransa, kwa mfano, msanii wa jukwaani akifikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12 anapata malipo ya kipindi asipokuwa na kazi. Mazoezi hayo hayo bila mkataba hayahesabiwi. Makundi mengi ya marafiki hufanya mazoezi mwaka mzima bila karatasi, halafu mtu akija kudai haki anaonekana hakuwahi kufanya kazi.

Na rekodini kila kitu. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 inaitambua dansi, ila iwe imewekwa kwenye video au kwenye maandishi ya miondoko. Iliyobaki mwilini tu haina mlinzi.

Goti la Kushoto

Mwanangu, mimi ningekwenda mwaka huo mmoja. Jifunze kucheza mawazo ya mtu mwingine kwa utii kamili, ni shule ambayo kundi la rika moja haliwezi kukupa. Mwili wako utaingia vitu usivyovipenda, navyo vitakusaidia baadaye. Wenzako kama ni wa kweli watakungoja. Wasipokungoja, umeshajua jambo muhimu kuwahusu.

Nyayo

Mimi ningekwenda na wale watano, kwa hiyo unaona hatukubaliani, itabidi uamue mwenyewe. Saba wetu tulianza tukiwa na umri wako. Kuna mambo mwili wa miaka 23 unathubutu kwa sababu hakuna aliyemwambia hayawezekani. Mwaka 1997 Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen walianzisha Gàara nchini Kenya, kampuni ya kwanza ya dansi ya kisasa pale. Baada ya hapo Linyekula alirudi kwao Kongo na mwaka 2001 akaanzisha Studios Kabako. Mwanzo ule wa pamoja haukumfunga mtu.

Ila ukienda, kabla ya onyesho la kwanza kaeni chini mzungumze, mkiwa bado mnapendana. Akiondoka mtu, anaruhusiwa kuicheza sehemu aliyoileta? Anaruhusiwa kuifundisha darasani? Mtacheza kazi hiyo bila yeye, na akichukuliwa mwingine kwenye nafasi yake, jina lake linabaki kwenye programu? Anayetunga kipande akalala nacho usiku kucha anaandikwaje? Video zinakaa kwa nani, na nani ana funguo zake? Hili la video msilidharau. Sisi zilikuwa kwenye akaunti ya mtu mmoja, na alipobadilisha simu tulipoteza mazoezi ya miezi minane.

Mzungumze pia kuhusu kufundisha. Wengi wetu tunaishi kwa madarasa, maonyesho hayalishi. Ukumbi ukilialika kundi kufundisha, anakwenda nani? Kwetu alikuwa anakwenda anayejua lugha ya wageni, basi. Miaka tisa mtu huyo huyo.

Vidole Kumi

Asante sana. Nimewatumia wenzangu uzi huu. Mmoja amekasirika, wawili wamesema tukutane Jumamosi.

Nyayo

Narudi baada ya wiki mbili kuwapa mrejesho, kwa sababu mmenisaidia kuliko mnavyodhani.

Niliwaandikia wenzangu sita. Niliogopa sana, barua niliifuta mara tatu. Niliwaomba kitu kimoja: tukae pamoja tutazame video za kazi zote sita, na kila sehemu tuseme ilianzia kwa nani. Siombi umiliki. Naomba tuandike tu.

Walikuja wote. Ilituchukua jioni mbili. Sehemu nyingi zilikuwa rahisi, mtu anasema ile ilikuwa yako, ulikuja nayo siku ile ya mvua, na wote tunakumbuka. Iligundulika kwamba mmoja wetu, aliye kimya kuliko wote, ndiye aliyeleta karibu nusu ya kazi ya tatu, ile iliyotutembeza sana. Hakuna aliyewahi kumwambia asante. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba tupumzike.

Kuna mfuatano wa dakika nne ambao watatu wetu tuliapa kila mmoja kwamba ni wake. Tuliinuka tukaucheza, tukitafuta kwenye mwili nani anaujua kwa undani zaidi. Wote watatu tuliujua sawasawa. Tukaandika: kundi.

Ya mwisho ilikuwa dansi ya wawili kwenye kazi ya tano, ile ninayoipenda kuliko chochote nilichowahi kufanya. Mwenzangu niliyeicheza naye akasema, "Hii ni yako, iandike. Lakini pale katikati tunaposimama bila kufanya kitu, pale ni pangu."

Ni kweli, ni pake. Nimeiandika hivyo hivyo kwenye fomu, na fomu nimeituma jana.